Wimbo wa Saba wa Jino Bovu

Acheni kunitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Nimestaafu, sijafa, na masikio yangu bado yanafanya kazi kuliko ya wengi wenu mnaojiita wahakiki wa muziki. Mnaniuliza siri ya kazi. Mnataka niwape maneno matamu ya kuandika chini ya kila takataka inayotolewa na bendi za vichochoroni, ili wenye bendi wawapende na kuwapa fulana za bure. Hayo sina. Nilicho nacho ni miaka mingi ya kusikiliza watu wakinguruma kwenye maikrofoni, pale kwenye redio yetu ya jamii hapa Kasulu, na uhakiki mmoja wa mwisho ambao dada yangu wa tumbo moja aliniomba niufanye kisu cha kuichinjia bendi ya binti yake. Nitafika huko. Kwanza kaeni chini.

Kwa yule aliyeingia humu kundini kwa bahati mbaya akidhani tunazungumzia kwaya: kuna muziki unaitwa grindcore. Mimi redioni niliuita muziki wa kusaga. Mpiga ngoma anakwenda mbio kama mashine ya unga isiyo na mahindi ndani, gitaa linakwaruza, mwimbaji ananguruma, na wimbo unaisha kabla hujafikisha kikombe mdomoni. Una ndugu zake wa ukoo wa metali kali, ambao nyimbo zao ni ndefu zaidi na kwa hiyo hasara yao ni kubwa zaidi. Wapo vijana wanaoupiga Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Bujumbura, na msishangae, hata huku kwetu juu milimani. Kila mwenye kazi mpya alinitumia, nami nikaisema redioni kila Jumamosi saa tisa alasiri.

Saa hiyo nilipewa na meneja kwa sababu hakuna mfanyabiashara aliyeitaka. Watu wote wako sokoni. Ilikuja mara tu baada ya matangazo ya vifo. Juma la kwanza kabisa likasomwa tangazo la msiba wa kijiji cha Murungu, kule Kibondo, na mimi bila kufikiri nikafungulia wimbo wa bendi moja ya Nairobi, mtu ananguruma kama anayeng'olewa utumbo. Jumatatu wafiwa wakaja ofisini. Nikajua nimekwisha. Kumbe walitaka kujua ni ndugu gani wa marehemu aliyelia kwa uchungu namna ile, maana familia nzima ilikuwa haijamtambua na ilitaka kumshukuru. Tangu siku hiyo niliweka tangazo la mbolea katikati.

Aliyenifundisha kazi hakuupenda muziki huu hata chembe. Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la kanga na kaseti karibu na stendi. Kwao Tanga, na taarabu ndiyo ilikuwa damu yake. Enzi kambi ya Mtabila imejaa wakimbizi wa Burundi, mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima kambini alizidiwa na mizigo siku ya kuondoka, akaacha dukani kwake boksi zima la kaseti za makelele. Mimi wakati huo nilikuwa fundi mitambo wa redio, kijana, najiona najua. Akaniita.

"Stefano mwanangu, njoo uyachukue haya mashetani yako. Yananifukuzia wateja."

Nikayachukua, nikayapenda, nikaanza kuyazungumzia redioni kwa namna mnayoizungumzia ninyi leo: kila kitu kizuri, kila bendi moto wa kuotea mbali. Bi Mwanaidi alinisikiliza Jumamosi mbili, ya tatu akanisubiri mlangoni kwake mikono kiunoni.

"Unawasifu watu kama wamekufa," akaniambia. "Uhakiki si rambirambi, mwanangu. Kitu kikiwa kimeoza sema kimeoza. Usiseme kimetangulia mbele ya haki."

Basi huo ndio ulikuwa mwisho wa utamu wangu. Na ndivyo nilivyopata utaratibu ambao nimeufuata mpaka siku ya mwisho, na ninyi hamtaufuata kwa sababu mna haraka ya kuwa wa kwanza kuandika. Unaisikiliza kazi kwanza ukiwa umesimama, kwenye redio ya spika moja, si kwenye hayo madude mnayojibana nayo masikioni. Spika moja haina huruma. Kama ngoma ni za kompyuta, utazijua. Zinagonga sawasawa mno, kama mtu asiyechoka, na binadamu anayepiga namna ile lazima achoke. Halafu unaisikiliza tena huku mikono inafanya kazi. Mimi nilibangua karanga. Halafu, na hapa ndipo mnaponikimbia, unaisikiliza pamoja na mtu anayeuchukia muziki huo kwa moyo wake wote, naye awe na kazi mkononi. Humuulizi kitu. Unatazama mikono yake. Ikiendelea, hakuna kilichotokea duniani. Ikisimama, rudisha nyuma usikilize ni kitu gani kimeisimamisha.

Bi Mwanaidi ndiye alikuwa mchukiaji wangu. Alikunja kanga, mimi nafungulia kelele. Bendi nyingi zilipita pale na kanga zikaendelea kukunjwa, upindo juu ya upindo. Alikuwa akinitania kwamba mikono yangu mimi ndiyo mibaya kuliko ya wote, maana haikuwahi kusimama kwa lolote.

"Wewe hata wakikuimbia malaika utakunja uso na kuendelea na karanga zako," alisema. "Siku mikono hiyo ikisimama nitajua umesikia kitu."

Nilimjibu kwamba malaika hawajanitumia kazi yao.

Sasa tuje kwa hao walionitumia. Sijui mmerogwa na nani, vijana. Kila kazi inaanza na mvua, upepo na kengele ya kanisa. Kila moja! Mmeiokota wapi hiyo mvua? Mvua ya Kasulu inapiga bati mpaka mnashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Hiyo yenu inanyesha taratibu kwenye majani ya nchi msiyoijua. Bendi moja ya Dar es Salaam ilinitumia nyimbo tisa kuhusu theluji. Theluji, Dar es Salaam! Hao watu wanalala na feni usoni. Nikasema redioni kwamba hawa baridi pekee wanayoijua ni ya soda, wakanuna, wakanitukana mtandaoni, kisha wakatoa kazi ya pili kuhusu mbwa mwitu wa msituni wakati wa theluji.

Na maandishi ya majina yao! Unapokea picha, unaona mizizi ya mti uliong'olewa, unaigeuza juu chini, kumbe ni jina la bendi. Unamuuliza mwenyewe limeandikwa nini, naye anatazama kwanza. Barua zao ndizo zinachosha zaidi. Zamani walau waliandika wenyewe na makosa yao. Sasa wanaiachia mashine iwaandikie, na kila bendi ya Afrika Mashariki ni "katili kuliko zote". Haiwezekani wote wawe katili kuliko wote. Mtu katili kweli hana muda wa kuandika barua.

Mara moja tu nilijibiwa nikanyamaza. Vijana wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu walileta kazi kwenye flashi, nami nikasema redioni kwamba ile si ngoma, ni dumu la maji. Mpiga ngoma wao akaja mpaka ofisini, mpole kabisa.

"Vieux," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, akimaanisha mzee, "ni dumu kweli. Batterie, ngoma nzima za dukani, tungeitosha wapi? Lakini uliisikia, sivyo?"

Nilikuwa nimeisikia. Lile dumu lilikuwa na sauti iliyovunjika, chafu, ambayo hakuna kompyuta ingeipata. Jumamosi iliyofuata nikarudia wimbo wao mzima na kuwaambia wasije wakanunua ngoma. Mnaona, sikatai kusifu. Nakataa kusifu bure.

Haya. Jino Bovu.

Bendi hiyo ni ya Kibondo, ya watu watatu. Gitaa analipiga kijana wa Murungu, ngoma anazipiga muuza vipuri vya pikipiki, na anayenguruma ni Oliva, mtoto wa dada yangu Felista. Oliva alikuwa mwalimu wa shule moja ya binafsi palepale Kibondo. Juma langu la mwisho redioni alinitumia kazi yao ya kwanza, nyimbo kumi na moja, na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Tumealikwa kupiga tamasha Kampala. Tafadhali usituonee huruma." Nikampenda kwa hilo la mwisho, nikaweka simu pembeni.

Siku ya pili yake dada yangu akafika kwangu kutoka kijijini kwake Nyakitonto, ameshuka na mkungu wa ndizi. Ukiona Felista amekuja na ndizi ujue anataka kitu.

"Mwakeye, musaza," akanisalimu kwa Kiha chetu. Musaza ni kaka. Mimi ni mdogo kwake lakini huniita hivyo akitaka nijione mkubwa. "Huyu mtoto wako amepagawa. Mkuu wa shule amemnyima ruhusa ya kwenda huko Uganda, naye anasema ataacha kazi. Ualimu, musaza! Nimelima maharage mpaka mgongo umepinda ili asome. Anauacha akapige kelele kama mtu anayekabwa?"

"Umemwambia?"

"Ananisikia mimi? Wewe ndiye anayekuogopa. Jumamosi itukane hiyo kazi yao. Itukane mpaka aone aibu kuibeba kwenda popote. Si ndiyo kazi yako kutukana? Miaka yote sijakusikia ukimsifu mtu."

"Nilisifu dumu."

"Basi mwanangu mfanye awe chini ya dumu."

Nilimwambia nitaisikiliza kwanza. Alinitazama kama mtu aliyeomba chumvi kwa jirani akaambiwa asubiri. Kwake neno langu la Jumamosi lilikuwa ndilo litakaloamua kama Oliva atabaki na chaki yake au atapanda basi, na niwaambie ukweli, aliona sawasawa. Binti yule alikuwa akisikiliza kipindi changu tangu yuko shule ya msingi. Ningemwambia jino limeoza kweli, angeling'oa.

Msiniulize kama nilitamani kumsaidia dada yangu. Nilitamani. Na tatizo langu halikuwa kudanganya, kwa sababu nilipoisikiliza nimesimama, kazi yenyewe ilistahili matusi bila kuombwa na mtu. Ilianza na mvua. Mvua ileile! Halafu kengele. Halafu Oliva, mtoto aliyelelewa kwa maharage ya Nyakitonto, ananguruma kwa Kiingereza kuhusu kaburi lililofunikwa na barafu, na koo analibana kwa namna ya wale wanaume wa Ulaya ambao nao wameigana wenyewe kwa wenyewe mpaka hawajui nani alianza. Wimbo wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, wa nne. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya Jumamosi, na yalikuwa makali, dada yangu angefurahi.

Wimbo wa saba ukaniudhi kwa sababu haukuwa kama nyingine. Hauna Kiingereza, hauna barafu. Kuna sauti moja inapasuka, inakatwa, inarudiwa, inakatwa tena, na ngoma zinaifuata mbio bila kuipata. Maneno sikuyashika kwa jinsi walivyoyakatakata. Lakini ile namna ya sauti niliijua. Kwetu, mahindi yakianza kukomaa, mtu hushinda shambani kuwafukuza nyani. Huwafukuzi kwa kupiga yowe la kawaida, nyani hamjali mtu anayeogopa. Unaitoa sauti chini tumboni, inapanda ikikwaruza, na unaimaliza ghafla kama umefunga mlango. Nikadhani Oliva hatimaye amekumbuka ana koo la nyumbani. Nikaisikiliza tena nikibangua karanga. Mikono haikusimama, lakini nilivunja karanga mbili tatu bila kukusudia.

Ilibaki mara ya tatu, na Bi Mwanaidi hayupo. Nikawaza, ni nani katika wilaya nzima anauchukia muziki huu kwa moyo wake wote? Ijumaa asubuhi nikachukua redio yangu ya spika moja, nikapanda bodaboda mpaka Nyakitonto.

Felista alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia nimekuja kumaliza kazi aliyonituma. Akafurahi, akaniletea kigoda. Nikafungulia.

Mvua. Mikono yake inaendelea. Kengele. Inaendelea. Oliva ananguruma kuhusu barafu, Felista anatupa mawe upande mmoja na maharage mabovu upande mwingine, midomo ameibinua.

"Umeona?" akasema. "Hata mbwa wangu hafanyi hivyo."

Wimbo wa nne, wa tano, wa sita, mikono haijasita hata kidogo. Bi Mwanaidi angeona fahari. Ukaingia wa saba, na ile sauti ikapasuka pale uani.

Ungo ulianguka. Dada yangu, mwanamke wa umri wake na mgongo wake uliopinda, alikuwa amekwisha simama, amekwapua fimbo iliyoegemea ukuta, yuko kwenye kona ya nyumba anaangalia shambani. Maharage yote chini. Alitazama mahindi upande huu, akatazama upande ule. Hakuna kitu. Redio ikaendelea nyuma yake. Polepole akageuka.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Akasogea karibu, fimbo bado mkononi, akainamisha sikio kwenye spika.

"Anaita Mwenyekiti," akasema. "Sikiliza. Anasema, Mwenyekiti, rudi kwenu. Musaza, huyo ni mimi!"

Lazima niwaeleze. Kuna nyani mmoja dume, mzee, mwenye kiburi, ambaye huingia shamba la Felista mbele ya wenzake na kukaa kwenye kichuguu akiwatazama wakila. Felista alimwita Mwenyekiti, na hakuna mtu mwingine duniani anayemwita nyani huyo jina hilo. Oliva alikuwa amemrekodi mama yake kwa simu akiwa shambani, hakumwambia, akaenda kuiweka sauti ile katikati ya ngoma za muuza vipuri.

Dada yangu alikasirika kwanza. Alisema ameibiwa, tena na mtoto wa tumbo lake. Kisha akasema nirudie. Nikarudia. Akasema wameikata vibaya.

"Hapo nilikuwa sijamaliza. Kulikuwa na maneno mengine, ndiyo yaliyomtoa kwenye kichuguu. Wameyaacha. Sasa nyani atatokaje?"

Nikamwambia kwa watu wa muziki huu hiyo ndiyo sauti wanayoitafuta maisha yao yote, na wengi wanakufa hawajaipata. Alipiga magoti kuokota maharage, nami nikapiga magoti kumsaidia. Tulipomaliza akauliza, "Kesho utasemaje?"

"Nitasema nilichosikia."

"Nilikuomba uitukane."

"Nitaitukana. Nyimbo kumi."

Jumamosi, baada ya matangazo ya vifo na mbolea, nilifanya uhakiki wangu wa mwisho. Nilisema Jino Bovu wameiba mvua ya watu, wameazima kaburi la watu, na mwimbaji wao anabana koo kama anayejificha asisikike kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Nilisema nyimbo kumi zitupwe, na wasitupe karibu na kisima. Kisha nikaufungulia wa saba wote, bila kuongea juu yake, na ulipoisha nikasema sijawahi kusikia kitu cha kweli namna hii katika kazi hii, ila wameukata kabla mwenye sauti hajamaliza, na kabla ya kwenda popote warudi wakamwombe radhi wakamrekodi upya. Sikumtaja. Nikazima mitambo, nikaaga.

Oliva alipiga simu kabla sijafika nyumbani.

"Mjomba, umetuua."

"Nimeua kumi. Huo mmoja si nimeuacha?"

"Huo si mimi," akasema, na hapo akaanza kulia. "Ndiyo maana umeupenda. Huo si mimi, ni mama."

"Na wewe koo umelirithi wapi?"

Akakata simu bila kuniaga. Nilimsamehe. Jumapili alikuwa Nyakitonto. Walichosemezana yeye na mama yake sikijui, na aliyekijua hakunieleza. Ninachojua ni neno moja ambalo Felista mwenyewe alinitamkia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemzuia.

"Aende," alisema. "Shule watapata mwalimu mwingine. Lakini ile mvua ya uongo haondoki nayo hapa kwangu."

Siku waliyorekodi upya nilikuwepo, na sikualikwa kwa kazi yoyote. Nilikaa ukingoni mwa shamba na karanga zangu. Oliva amechuchumaa nyuma ya mahindi na kinasa sauti cha kuazima. Alimwomba mama yake apige ile sauti tu, wamalize.

"Nani nimpigie? Yuko wapi?" Felista akasema. "Siwezi kumtukana asiyekuwepo."

Ikabidi tumsubiri Mwenyekiti. Jua likapanda. Nikaanza kusema jambo kuhusu upepo kwenye maikrofoni, jambo la kitaalamu kabisa, dada yangu akanikata.

"Wewe si umestaafu? Nyamaza."

Mwenyekiti akaja. Alitoka kwenye vichaka taratibu, akapanda kichuguu chake, akakaa. Felista hakukitazama kinasa sauti. Aliweka mguu mmoja mbele, akavuta pumzi, akamwita jina lake, na safari hii akayasema yote mpaka mwisho. Pembeni yake, bila kuambiwa, Oliva alisimama na kuidaka sauti ileile kwa koo lake mwenyewe, mama akipanda, mtoto akishuka, mpaka mzee yule akateremka kichuguuni na kwenda zake.

Nikatazama mapajani pangu. Ganda la karanga lilikuwa limefunguka nusu, na mikono yangu imesimama.